Baada ya Cherehani: Pesa za Kijana Anayetoka Kituoni

Masika yakishika, hoteli nyingi za mwambao wa mashariki na kaskazini mwa Unguja hupunguza watu. Nyengine hufunga kabisa mpaka Juni. Wafanyakazi wa Paje, Kiwengwa na Nungwi huambiwa wakapumzike, watapigiwa simu wageni wakirudi. Mapumziko hayo hayana mshahara. Vijana wengi hawayaogopi sana kwa sababu wana pa kwenda: wanarudi kwao Makunduchi, Donge, Wete au Kengeja, wanakula chungu kimoja na wazee wao, wanasaidia shamba, na mwezi wa Juni wanavaa tena sare. Hakuna anayeuita huo msaada na hakuna anayeuandika popote. Lakini ni pesa. Ni kodi, chakula na umeme wa kipindi kizima ambao kijana hakuulipia, kwa sababu nyumba ya kwao ilimlipia.

Sasa mchukue kijana aliyelelewa kituoni, ambaye mwaka jana ametimiza miaka 18 na akaagwa. Yeye akiambiwa akapumzike, anapumzika wapi?

Huwa nawafundisha hesabu za biashara vijana wakubwa wa kituo kimoja cha kulelea watoto hapa Unguja. Sikitaji jina, kwa sababu ninayoyaandika hayakihusu kituo kimoja. Malezi haya tunayo tangu zamani. Watu wa Mjini wanaijua nyumba ya mayatima ya Forodhani, ile ambayo barabara inapita chini yake. Serikali ina nyumba yake Mazizini, shirika la SOS la kulea watoto lina kijiji chake Mombasa, mtaa wa hapa hapa Unguja, na viko vituo vya jumuiya na vya watu binafsi. Humo watoto wanalishwa, wanatibiwa, wanapelekwa skuli na chuo cha Kurani. Nawaheshimu mno mama walezi. Kuamka usiku kwa homa ya mtoto usiyemzaa si kazi ndogo. Shida yangu inaanza siku ile mtoto anapovuka lango akiwa na begi lake.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri. Imeiingiza kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto usiyemzaa bila ya kumbadilisha nasaba, ndani ya sheria ya nchi, na mwaka 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu ya World Future Council kwa namna inavyomlinda mtoto. Lakini miaka 18 haingojei mtihani. Watoto wengi wa vituoni walichelewa kuanza skuli kwa sababu ya yale yaliyowapeleka huko, kwa hiyo wako wanaotimiza umri huo wakiwa bado Fomu Foo. Vituo vyengine vinawavumilia mpaka wamalize, vyengine havina nafasi wala bajeti ya kuvumilia. Inategemea umeangukia wapi.

Tuje kwenye kuagana kwenyewe. Mara nyingi kunakuwa na hafla. Panawekwa turubai, anaalikwa mgeni rasmi, inasomwa risala, na wafadhili wanakabidhi vifaa: cherehani kwa mabinti, sanduku la zana kwa wavulana, pengine seti ya saluni, na bahasha yenye pesa kidogo. Picha zinapigwa. Wanaotoa wanatoa kwa moyo safi, na mimi mwenyewe nimeshachangia vitu hivyo. Ila naomba tuangalie kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo mfadhili ameshaondoka.

Kijana mmoja niliyemsomesha alijifunza ufundi wa mafriji na viyoyozi katika kituo cha mafunzo ya amali Mwanakwerekwe. Mkono wake mzuri, na kisiwa hiki chenye hoteli kila kona hakikosi kiyoyozi kibovu. Alipoagwa alipewa sanduku la zana, ndani yake mna dirili mpya, na bahasha ya shilingi 300,000. Akapata chumba Magomeni cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi. Piga hesabu: 360,000. Bahasha yote ilikwenda kwa mwenye nyumba, na zilizobaki alichangiwa na wenzake. Aliingia chumbani akalala juu ya jamvi, hana godoro, hana feni, hana hata sufuria, na ana zana za kazi zenye thamani kuliko kila kitu alichokuwa nacho.

Alikuja kwangu na karatasi ya daftari. Alikuwa ameandika matumizi yake ya mwezi kama nilivyomfundisha, kwa mistari iliyonyooka: kodi ya kuweka akiba, tukuza (umeme wa kulipia kabla), nauli ya daladala, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, vocha, kunyoa. Kila mstari una tarakimu yake. Chini kabisa ameandika "kuumwa", na mbele yake ameacha patupu. Nikamwuliza mbona hapa hukuweka kitu. Akaniambia, "Mwalimu, nikiweka hapa haitimii."

Masika yalipokuja kazi zikapungua. Dirili ikauzwa sokoni Darajani, kwa bei ambayo naona uchungu kuiandika.

Watu walioisikia habari hii walisema kijana hakuwa na nidhamu ya mtaji. Mimi sikubali. Cherehani haili, lakini mwenye cherehani anakula kila siku. Mtu akikosa pa kushika atauza kile anachokishika, na angefanya hivyo mwanangu, na ningefanya mimi. Tofauti ni kwamba mwanangu kabla ya kuuza angenipigia simu. Ningemtumia elfu ishirini, shangazi yake angemwambia aje ale kwake mpaka mambo yafunguke, na ami yake angezungumza na mwenye nyumba. Ukizikusanya elfu ishirini zote ambazo mzazi wa Kizanzibari anamtumia mtoto wake baina ya miaka 18 na 25, zikiwa pamoja na sahani za wali, magodoro ya kuazima na karo za nusu, utapata mali nyingi. Ila zimetoka kidogo kidogo, bila ya hafla, na zimetoka siku ile ile zilipohitajika. Hicho ndicho anachokikosa kijana wa kituoni, na hakuna bahasha moja inayoweza kukijaza, hata ikiwa nene vipi.

Kwa hiyo ninachokitaka nakisema waziwazi: kila kijana anayetoka katika malezi apate pesa za kila mwezi, zijulikane kiasi chake na tarehe yake, kwa muda usiopungua miaka miwili, mkononi mwake mwenyewe. Zana apewe pia. Pesa hizo ndizo zitakazozilinda zana zisifike Darajani.

Wako waliokwishajaribu. Huko Wales, Serikali yao iliwachukua vijana waliotoka katika malezi na waliotimiza miaka 18 baina ya tarehe 1 Julai 2022 na 30 Juni 2023, ikawalipa kila mmoja pauni 1,600 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato, kwa miezi 24. Vijana zaidi ya 600 waliingia. Hawakuwekewa sharti la kuwa na kazi wala la kuwa masomoni. Aliyetaka alipwe mara moja kwa mwezi au mara mbili, na aliyetaka sehemu ya pesa iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba alifanyiwa hivyo. Pia walipewa ushauri wa mambo ya fedha. England wana utaratibu mwengine: pauni 3,000 za kuanzia makazi, zilizopandishwa kutoka 2,000 mwaka 2023, na mshauri ambaye kijana anaweza kumtegemea mpaka afike miaka 25.

Najua jibu litakalokuja: wale ni matajiri, sisi tuna yetu. Kiasi chao hatukiwezi, wala hakitufai, kwa sababu bei ya maisha si moja. Ninalolitaka kutoka kwao ni umbo lake. Hiyo hiari ya kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa mfano, ingekuwa dawa kwa yule kijana wa Magomeni. Mwenye nyumba anadai miezi sita mbele kwa sababu hamjui mpangaji wala hajui wa kumdai. Akijua kodi inaingia kila mwezi kutoka mahali panapoaminika, wengi wangekubali kupunguza hadi mwezi mmoja au miwili. Na jambo lenyewe si la Wazungu peke yao. Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inataka kijana aandaliwe mapema kabla ya kutoka, awe na mtu maalumu wa kumfuatilia, na apate huduma za jamii, za sheria na za afya pamoja na msaada wa fedha unaofaa baada ya kutoka.

Tena sisi wenyewe tumeshathibitisha kwamba tunaweza kulipa pesa ndogo, za kila mara, kwa watu wengi, bila ya kuwasimanga. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa Zanzibar aliyefika miaka 70, awe alikuwa mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Inatoka katika bajeti ya Serikali ya Zanzibar. Hakuna anayemfuata bibi wa Makunduchi kumwuliza pesa zake amenunulia nini. Tumemwamini, na tulifanya vyema kumwamini. Kwa upande wa pili, mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini unahesabu kaya, na kijana aliyepanga chumba peke yake, leo Magomeni na kesho Jang'ombe, si rahisi kuonekana kama kaya.

Wasiwasi mkubwa ninaousikia, hata kwa watu wazuri, ni kwamba kijana wa miaka 18 akipewa pesa mkononi zitamharibu. Nauchukua kwa uzito. Kuna binti wa miaka 17, hodari wa hesabu darasani, nilikwenda naye dukani siku moja. Nilimpa pesa anunue tukuza. Akasimama na noti mkononi hajui aanzie wapi. Hajapata kujua kwamba umeme unanunuliwa. Alikokulia taa huwaka tu. Mchele unakuja kwa gunia, nguo zinakuja kwa mabunda karibu na sikukuu, na kila kinacholipiwa kinalipiwa ofisini. Binti huyu alikuwa na akili timamu. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa pesa azitumie, azikosee na azione zimekwisha. Halafu siku ya kuagwa tunategemea awe mjuzi wa kila kitu kwa mara moja.

Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwongozo. Katika Surat Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafike umri wa kuoa, kisha wakiwaona wana busara wawakabidhi mali zao, wasizile kwa fujo na haraka kabla hawajakua, na wakati wa kukabidhi wawekwe mashahidi. Aya inazungumzia mali ya yatima mwenyewe, na wengi wa vijana hawa hawakuachiwa kitu. Lakini utazame mpango wake: kujaribu kwanza, kukabidhi baadaye, na ushahidi juu yake. Kijana aanze kushika pesa ndogo akiwa na miaka 15 hivi, yupo bado kituoni, mtu mzima yuko karibu. Ajinunulie sabuni yake, apange nauli yake, azidishe wiki hii apungukiwe wiki ijayo. Kwa namna hiyo, atakapofika 18 itakuwa inaendelea hesabu aliyokwishaizoea.

Napenda pia wafadhili walifikirie jambo moja. Sehemu ya kinachotolewa kwa jina la mtoto, hata ikiwa ndogo, iwekwe katika akaunti ya mtoto huyo tangu siku anapopokelewa, ikae kama amana, na yeye mwenyewe aoneshwe kitabu chake kila mwaka. Mtoto akikaa miaka kumi kituoni, atatoka na kitu ambacho ni chake kweli, hakuombewa siku ya mwisho.

Jengine ambalo watu wa mbali hawalijui ni kwamba wengi wa watoto hawa wana jamaa. Yupo mjomba Tumbatu, yupo mama mkubwa Micheweni. Wakati wa kutoka, jambo jepesi ni kusema "arudi kwa jamaa zake". Anarudi mikono mitupu katika nyumba ambayo tangu hapo ilishindwa kumlea kwa sababu ya umaskini. Wiki ya kwanza anakaribishwa kwa furaha. Baada ya muda maneno yanaanza, chini chini, juu ya nani anakula na nani haleti. Lakini kijana anayeingia na kilo kumi za mchele na mafuta ya kula kila mwezi ni mtoto wa nyumba. Anapewa pa kulala, anaulizwa akichelewa, anaingizwa katika upatu, anatafutiwa mchumba. Sisemi kwamba jamaa ni wabaya. Nasema kwamba pesa kidogo zinawapa nafasi ya kuwa wema, na undugu ule ukishashika, unabaki hata pesa zikisita.

Kabla ya yote hayo kuna karatasi. Kulipwa kunataka akaunti au pesa za simu. Laini ya simu inataka kitambulisho na alama za vidole. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na barua ya sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa. Na sheha anataka kumjua mtu wake. Mtoto aliyeokotwa, au aliyeletwa usiku bila ya cheti, anaweza kuzunguka baina ya ofisi mpaka akakata tamaa. Kazi hii ifanyike na kumalizika kijana akiwa bado ndani, mikononi mwa afisa ustawi aliyekwishamzoea. Haigharimu pesa nyingi. Inagharimu mtu kukumbuka.

Pesa zitoke wapi? Naamini msingi uwe wa Serikali, kama ulivyo wa pensheni, kwa sababu haki isitegemee mfadhili ameamkaje. Bajeti yetu inasomwa kila mwaka katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na idadi ya vijana wanaotoka vituoni kwa mwaka si ya kuishinda bajeti ile. Tukingojea hilo, lakini, tuna zaka. Kijana huyu akishabaleghe, sheria ya dini haimhesabu tena kuwa ni yatima, na hapo ndipo sadaka nyingi za Ramadhani zinapompita zikaenda kwa wadogo. Hata hivyo anabaki kuwa fukara au maskini, na hao ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya 60 ya Surat Tawba. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelizungumza sana suala la kumpa mtu kinachomtosheleza, na wamesema fundi anunuliwe zana za kazi yake. Nami nashika hilo neno la kumtosheleza. Zana bila ya chakula cha masika hazijamtosheleza mtu.

Tupige hesabu ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa maisha ya Mjini leo hazimlishi mtu raha. Zinalipa chumba cha kawaida, umeme na chakula cha msingi, ili mshahara au kibarua kikiingia kijenge kitu. Kwa mwaka ni 1,800,000. Hiyo ni zaka ya mtu mmoja mwenye akiba ya shilingi 72,000,000, kwa asilimia 2.5. Mjini hapa wafanyabiashara wa kiwango hicho na cha juu yake wapo, na wanatoa, Mwenyezi Mungu awalipe. Wengi wanagawa elfu kumi kumi kwenye foleni ya mlangoni siku moja. Mmoja wao akichukua kijana mmoja kwa miaka miwili, wawili wakimchukua binti mmoja, ndugu wa familia moja wakijumuika kwa ajili ya watatu, tutakuwa tumeshaanza bila ya kungojea sheria mpya.

Pesa zisipite mkononi mwa mfadhili kila mwezi, kwa sababu kijana atajiona anakwenda kuomba. Ziwekwe zote za mwaka mahali pamoja. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi za namna hii, na benki pia inaweza kupewa amri ya kudumu. Ziingie kwake tarehe moja ile ile. Mwenye nyumba akitaka kulipwa moja kwa moja, alipwe. Makubaliano yaandikwe mbele ya afisa ustawi na mashahidi wawili, kijana awe na nakala yake, na ndani yake yaandikwe mapema mambo mawili: nani anampigia simu akiumwa, na pesa za matibabu zinatoka mfuko gani.